Je, mbwa afunzwe kwa shoti ya umeme?

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye baba yake analinda jumba la tajiri Masaki, aliniuliza darasani: "Ustadhi, mbwa si najisi? Sasa akipigwa shoti ili afunzike, kuna dhambi gani?" Darasa zima likacheka.

Ndugu msomaji, hayo ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Unajisi wa mbwa, kwa sisi tunaofuata Imamu Shafi, ni suala la twahara: chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Haukuwa kamwe kibali cha kumtesa. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mola akamsamehe.

Kifaa chenyewe ni mkanda wa shingoni wenye betri na vidude viwili vya chuma vinavyogusa ngozi. Mwenye mbwa anashika rimoti. Akibonyeza, umeme unapita.

Wanaokitetea wana hoja. Nchini Uingereza mbwa anayefukuza kondoo anaweza kupigwa risasi na mfugaji. Wanasema maumivu ya nukta moja ni nafuu kuliko risasi. Nasi katika fiqhi tunayo kanuni ya kuchagua dhara iliyo nyepesi. Lakini kanuni hiyo ina mahali pake: pale ambapo njia ya tatu haipo. Wales, nchi ya kondoo wengi, ilipiga marufuku mikanda hiyo mwaka 2010. Na utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln uliotolewa mwaka 2014, juu ya mbwa 63 wenye matatizo ya namna hiyo, haukuona kuwa umeme unashinda mafunzo ya kumzawadia mbwa anapotii.

Utafiti mwingine, wa Ujerumani mwaka 2007, umenifikirisha zaidi. Mbwa 14 walipimwa homoni inayopanda mwili unapokuwa katika dhiki. Waliopigwa shoti pale tu walipogusa windo la bandia, homoni haikupanda sana. Waliopigwa ovyo, bila sababu wanayoweza kuielewa, ilipanda mno. Na waliopigwa kwa kutoitika walipoitwa, nao ilipanda. Kumbe dhiki haitoki kwenye umeme peke yake; inatoka pia katika kutojua umekosa nini.

Suratul Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na mafaqihi wakaweka masharti: akitumwa aende, akizuiwa asimame, asile windo. Haya yalifikiwa karne nyingi bila betri. Sidai kwamba wawindaji wale hawakuwa na fimbo. Mimi mwenyewe ni mwalimu, fimbo naijua. Ila mwenye fimbo humsogelea anayempiga, humwona macho, na mkono wake huchoka. Kidole gumba juu ya rimoti hakichoki.

Nilimjibu kijana kwamba siwezi kusema ni haramu moja kwa moja kwa mbwa ambaye njia zote zimeshindikana na risasi inamngoja. Kwa mbwa wa geti, anayebwekea wapita njia kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, sioni udhuru. Akanyamaza, kisha akasema rimoti huwa kwa baba yake usiku kucha. Nikamwambia amwulize, kwa adabu, huwa anaibonyeza mara ngapi, na mbwa anakuwa amefanya nini.