Je, Maji Yaliyolipiwa ni Mali ya Aliyelipa?

Liko swali ambalo twaona yafaa kulitia katika mizani mbele ya wasomaji wetu, kwa kuwa si swali la mji mmoja wala la mwaka mmoja. Mtu ana nyumba yake na bomba lake. Kila mwezi huletewa hati ya deni la maji, naye hulipa bila kuchelewa. Siku moja Baraza la Mji latoa amri: maji ni machache, basi mtu asioshe gari lake kwa maji ya bomba, asinyweshe bustani yake, wala asitumie zaidi ya kipimo kilichowekwa. Mtu huyu anung'unika, asema, "Maji haya nimeyalipia. Baraza limepata wapi amri juu ya mali yangu?"

Asemaye hivyo si mjinga, wala si mwovu. Haki ya mtu katika kitu alichokinunua ni jambo linalokubaliwa na watu wote, na pasipo hiyo hapana soko wala amani. Kwa hiyo hatutamjibu kwa kumkemea, bali kwa kuyapima maneno yake. Na ili tusipime maneno matupu, na tuutazame mji mmoja ambao swali hili liliufikia kwa nguvu.

Mji huo ni Cape Town, katika Afrika ya Kusini, uliokuwa na watu wapatao milioni 4 wakati wa habari hii. Mvua zake hunyesha wakati wa baridi, katikati ya mwaka, na maji yake hukusanywa katika mabwawa makubwa sita. Lililo kubwa kuliko yote, Theewaterskloof, huchukua zaidi ya nusu ya maji ya mabwawa hayo. Mwaka 2015 mvua zilipungua. Mwaka 2016 zikapungua tena. Na mwaka 2017 zikawa chache mno. Baraza likakaza amri zake daraja kwa daraja. Tarehe 1 Januari 2018 kila mtu aliamriwa asipite lita 87 kwa siku, na tarehe 1 Februari kipimo kikashushwa hata lita 50. Msomaji apime mwenyewe: lita 50 ni madebe mawili na nusu, na humo yamo maji ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga, ya kufulia na ya chooni. Tena watu waliambiwa kwamba mabwawa yakishuka hata sehemu 13.5 katika 100, mabomba ya nyumba nyingi yatafungwa, na watu watakwenda kupanga foleni katika vituo vipatavyo 200, kila mtu apewe lita 25 kwa siku. Siku hiyo iliitwa Siku ya Sifuri.

Basi, turudi kwa mlipaji wetu. Alipolipa, alinunua nini? Hakuna Baraza linaloweza kutengeneza mvua na kuiuza. Fedha ya bomba ni ujira: ujira wa kujenga bwawa, wa kutandaza mabomba, wa kusafisha maji kwa dawa, wa kuyasukuma kwa mashine, na mshahara wa mafundi. Twaweza kuifananisha na nauli ya chombo. Mtu aliyelipa nauli ya jahazi ana haki ya kuvushwa, lakini upepo ukikata baharini siku nyingi, na pipa la maji likawa moja tu, hawezi kusema, "Mimi nimelipa nauli, basi nitaoga." Nahodha atagawa maji kwa kikombe, na abiria wote watasema ametenda haki. Siku za maji mengi jambo hili halionekani, maana ndoo ninayomwaga mimi haimpunguzii jirani yangu kitu. Siku za upungufu, ndoo ile ile, ya bomba lile lile, kwa bei ile ile, imetoka katika fungu la mtu mwingine. Kitendo hakikubadilika, lakini sasa yuko mtu anayeumizwa nacho.

Labda mlipaji ataliacha neno la mali na kushika neno jingine, aseme, "Lita zangu ni kama tone katika bwawa. Nikizitumia au nisizitumie, bwawa litabaki vile vile." Twakiri kwamba hesabu yake ni sahihi. Hapana bwawa lililokauka kwa bustani ya mtu mmoja. Walakini wazee walisema kwamba chovya chovya yamaliza buyu la asali. Katika wachovyaji hao hapana hata mmoja awezaye kushitakiwa kwamba yeye ndiye aliyelimaliza buyu, na buyu limekwisha. Mwezi Januari 2018 Meya wa Cape Town alisema kwamba watu sita katika kila kumi walikuwa wakikipita kipimo. Kila mmoja wao angeweza kuapa kwamba si yeye aliyeyakausha mabwawa, na kiapo chake kingekuwa cha kweli. Kwa hiyo mtu asijiulize tu, "Tendo langu peke yake litadhuru nini?" Na ajiulize, "Itakuwaje kila mtu akijiruhusu kama ninavyojiruhusu mimi?"

Tena avunjaye amri ya namna hii haibi maji peke yake. Mtu hushika amri ngumu kwa tumaini kwamba na jirani yake anaishika. Akiona ua wa jirani ni mbichi na wake umekufa kwa kiu, hujiona mpumbavu, na kesho yake naye hufungua bomba usiku. Basi mvunjaji ameiba vitu viwili: maji ya wenzake, na moyo wao wa kutii. Maji yaweza kurudi kwa mvua moja, lakini moyo huo haurudi upesi. Baraza la Cape Town lilitambua jambo hili, likatoa ramani ambayo nyumba zilizokaa chini ya kipimo zilitiwa alama za kijani. Wengine walikasirika, wakasema kwamba mambo ya ndani ya nyumba za watu yametolewa nje. Sisi twaona hofu yao ina maana, kwa sababu kutoka kumsifu jirani hata kumpeleleza ni hatua moja. Lakini hata waliotii walikuwa na haki yao, nayo ni kujua kwamba hawakuwa peke yao.

Sasa twafika penye neno gumu zaidi, nalo si la mlipaji, bali la maskini. Katika mji ule ziko nyumba zenye bustani pana na birika la kuogelea, na iko mitaa ya mabanda ambayo jamaa nyingi huchota katika bomba moja la njiani. Wakaaji wa mitaa hiyo ya mabanda, wote pamoja, walitumia chini ya sehemu 5 katika 100 za maji ya mji. Mama achukuaye ndoo kichwani alipoambiwa asizidishe lita 50, aliambiwa asiipite alama ambayo hajapata kuifikia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wenye nyumba kubwa walisimulia habari za kuoga kwa maji ya bakuli kana kwamba ni vita waliyoipigana, na wenzao walikuwa wakiishi hivyo miaka yote, wala hapakutangazwa Siku ya Sifuri kwa ajili yao.

Si hayo tu. Kipimo cha nyumba kilikisiwa kwa watu wanne, yaani lita 6,000 kwa mwezi, na nyumba yenye watu zaidi ilipasa kuomba iongezewe. Nani wakaao wengi katika nyumba moja, kama si maskini? Tena faini, kwa mtu mwenye fedha nyingi, si adhabu bali ni bei, hulipa akaendelea. Tena wenye uwezo walichimba visima uani mwao, ingawa maji yaliyo chini ya ardhi hayajui ukuta wala hati ya kiwanja; hata ikapasa amri ya Februari iwape saa moja tu ya kunyweshea bustani kwa maji hayo, siku mbili katika juma.

Je, tuseme basi kwamba amri ile ilikuwa dhuluma? La. Twasema kwamba kipimo sawa si haki kamili, kwa kuwa hupima wanachotumia watu leo wala hakiulizi walichokosa jana. Lakini na tuulize jambo moja: kama isingekuwako amri, nani angeona kiu kwanza? Tajiri hununua maji ya chupa, huita lori la maji, huchimba kisima, na mwisho huhamia kwa ndugu zake mji mwingine. Maskini hubaki na ndoo yake mbele ya bomba lililokauka. Kwa hiyo amri hiyo, ijapokuwa haiponyi jeraha la zamani, ni ngao ya mnyonge, mradi imshike na mwenye nguvu. Ndiyo maana Baraza lilifanya vema lilipowafungia watumiaji wakubwa vifaa vya kuzuia maji katika mita zao, lisitosheke na kuwatoza fedha.

Na Baraza nalo lina deni. Atoaye amri na awe wa kwanza kuishika, aanze na mabomba yake yanayovuja barabarani, maana hawezi kumkataza mtoto kumwaga kikombe naye amwaga pipa. Tena aseme kweli. Siku ya Sifuri ilitajwa kuwa Aprili 2018, kisha Mei, kisha Juni, kisha Julai, na mwisho watu wakaambiwa kwamba haitafika mwaka huo. Wengine wakasema walitishwa bure. Sisi hatusemi hivyo: watu walipunguza matumizi yao hata chini ya nusu ya yale ya miaka mitatu nyuma, na mtu ambaye moto umezimwa nyumbani kwake asiseme hapakuwako moto. Lakini wenye mamlaka wakumbuke kwamba hofu ni akiba ndogo. Atakayeitumia pasipo lazima ataikosa siku ya lazima.

Kuna jambo moja zaidi katika habari ile ambalo hatupendi kulipita. Mwezi Februari 2018 wakulima wa Groenland, wapandao matunda, waliachilia lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao ziende katika bwawa la mji. Kweli walikuwa na maji ya akiba. Lakini wangeweza kuyaweka kwa ajili ya mwaka ambao hakuna aujuaye. Sheria yaweza kumzuia mtu asichukue cha mwenziwe. Kumfanya atoe chake ni kazi ambayo sheria haikupewa.

Wala sisi wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba twatazama mambo ya ng'ambo. Nairobi ilianza mwaka 2017 kwa mgao wa maji, na mwaka 2022 Dar es Salaam ilipata mgao Mto Ruvu ulipopungua. Sisi tunaoandika maneno haya tumepata kukaa katika mji wenye mgao. Siku ya maji ilipofika tulijaza kila chombo: pipa, ndoo, sufuria, hata mabeseni ya kufulia. Yalipokuja tena baada ya siku tatu tuliyamwaga yale ya kwanza, ingawa yalikuwa mazima, ili tujaze mapya. Na nyumba za mlimani, mwisho wa bomba, hazikupata kitu siku ile. Hatukuvunja amri yo yote. Tulikuwa tumelipa. Lakini jioni alishuka mtoto wa huko juu na dumu mkononi, akaomba maji, na mchanga wa uani petu ulikuwa ungali umelowa. Tulimjazia dumu, na hatukuweza kumtazama usoni.

Katika Cape Town mvua zilirudi mwezi Juni 2018, mabwawa yakaanza kujaa, na hata ulipofika Desemba amri zilikuwa zimelegezwa. Swali halikuondoka pamoja nazo. Basi twamjibu mlipaji wetu hivi: ulicholipia ni kazi ya watu walioyaleta maji mlangoni pako, na haki yako katika kazi hiyo ni kamili. Maji yenyewe umeyapokea kama abiria wa jahazi, pamoja na wote walio katika chombo. Na sisi tulio walimu na wazazi tusingoje amri ya Baraza ndipo tuwafundishe watoto. Kabla ya kumwaga ndoo, na waulizwe: mwisho wa bomba hili anakaa nani?