Watoto Wakiuliza Kuhusu 2006

Katika sura ya nne ya Yoshua, Waisraeli waliovuka Yordani wanaamriwa kutwaa mawe kumi na mawili kutoka mtoni. Yakasimamishwa Gilgali, ili siku moja watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawe na la kuwasimulia. Juma hili nimelisoma andiko hilo huku moyo wangu ukiwa Awendo.

Vijana wetu wa kipaimara hawakuwa wamezaliwa SoNy Sugar ilipotwaa ubingwa wa ligi kuu ya soka ya Kenya mwaka 2006. Timu ya kiwanda cha sukari, kutoka Awendo, mji mdogo kati ya Rongo na Migori, ilimaliza msimu juu ya klabu zote za nchi. Ulinzi, timu ya wanajeshi, ilikuwa imebeba kombe mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005. Gor Mahia, ambayo wengi wetu huku tumeipenda tangu utotoni, ilishinda ligi 1995 na ikangoja hadi 2013. Katika miaka hiyo ya njaa, kombe likaja kwetu kupitia Awendo! Na lilikuwa la Migori na Homa Bay zote mbili, kwa maana jina la kampuni lenyewe, SoNy, ni kifupi cha Nyanza Kusini kwa Kiingereza, na miwa inayosagwa pale hutoka pia Ndhiwa, upande wa Homa Bay.

Tuwasimulie hayo, kisha tuwasimulie na yaliyofuata. Msimu wa 2019/20, mwaka ambao ligi ilimpoteza mdhamini wake SportPesa, SoNy Sugar ilikosa kufika uwanjani mara tatu kwa uhaba wa fedha. Kwa kanuni za ligi ikaondolewa msimu ukiwa bado unaendelea. Inaniuma mpaka leo. Kufungwa uwanjani, mchezaji huzoea. Kuzuiwa na nauli ni uchungu mwingine kabisa, kwa sababu miguu ipo, nia ipo, na mpinzani anakungoja.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 24, inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwani ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo. Nawaona humo wachezaji, na nawaona wakulima wa miwa wanaosubiri fedha zao mwezi baada ya mwezi. Sisi mashabiki nasi tuna sehemu yetu: siku ya kombe sauti zetu husikika hadi ng'ambo ya ziwa, siku ya kuchanga tunanyamaza.

Lakini tukirudi kwa Yoshua, sura tatu tu baada ya Gilgali, Israeli inapigwa Ai, na kwa kosa la ndani ya kambi yake. Andiko halisemi kwamba mtu alirudi kuyang'oa mawe yale. Shukrani ya 2006 haikufutwa na aibu iliyokuja baadaye, na aibu hiyo nayo haifunikwi na kombe la zamani.

Wapo wanaocheza sasa. Katika shule ya Agoro Sare, pale Oyugis, wavulana wanarusha mpira wa kikapu na shule za mbali zinawajua. Jumapili hii baada ya misa, wazee mlioushuhudia msimu ule mketi na vijana muwasimulie. Nao wenye uwezo waulize timu ya kijiji chao inacheza lini, wapi, na imepungukiwa nauli kiasi gani.