Kumwombea Maiti Theluji

Kwetu Ndundu, katika sala ya maiti, baada ya takbira ya tatu tunamwombea aliyefariki aoshwe kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Dua hiyo imepokewa na Imamu Muslim. Wazee waliovuka mto Rufiji kwa pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, waliisoma maisha yao yote, nao wakasomewa. Maji waliyoyajua ni ya mto: mazito kwa tope, yanayorutubisha mashamba ya mpunga na mwaka mwingine kuondoka na nyumba.

Je, mtu huomba nini anapoomba kitu asichokijua?

Swali hili lilinijia Trondheim, Norway, nilikokwenda kusomea umeme wa maji. Darasani theluji ilikuwa hesabu, akiba iliyolala milimani ikingoja kuyeyuka na kujaza mabwawa. Barabarani, ikifika jioni, ilikuwa uji wa kijivu uliochanganyika na chumvi na kokoto. Nikajiuliza: hiki ndicho cha kumsafishia mtu?

Mwanazuoni al-Khattabi alishalijibu hilo karne ya nne Hijria: theluji na mvua ya mawe ni maji ambayo hayajaguswa na mikono. Basi ile ya barabarani haimo. Ibn al-Qayyim naye alimwuliza mwalimu wake, Ibn Taymiyya, kwa nini itajwe baridi ilhali maji ya moto ndiyo yanayong'oa uchafu. Akajibiwa kwamba dhambi huupa moyo joto na ulegevu, na baridi huupoza na kuukaza. Nadhani jibu hilo linamwingia mtu wa Ndundu kuliko Mnorwe. Aliyepalilia mpunga saa saba mchana haelezwi thamani ya baridi.

Nilimpigia simu maalimu wangu wa madrasa. Akacheka. "Mwanangu, kwani Madina ni nchi ya theluji?" Waliofundishwa dua hii mwanzo walikuwa watu wa jua kama sisi. Kwake yeye kuona si sharti la kuomba. Hata pepo hatujaiona.

Nakubaliana naye nusu. Siku moja mlimani nilijaribu kutawadha kwa theluji. Sisi Mashafii tunataka iyeyuke hadi maji yatiririke juu ya kiungo. Vidole viliuma, kisha vikawaka kana kwamba nimevitia motoni, na maji yenyewe yalikuja kwa kusuasua. Tangu hapo najua kwamba anayemwombea maiti theluji anamwombea kitu kikali.

Bibi yangu alifariki nikiwa hukohuko, nikamsalia sala ya ghaibu. Nilipofika kwenye theluji ulimi ukawa mzito. Alikuwa na baridi yabisi ya magoti. Hata maji ya kuoga alitaka yapashwe moto kwanza. Nikaomba kama nilivyofundishwa, kisha nikaongeza langu kwa Kiswahili, kwamba magoti yale yahurumiwe.