Faragha na Wenye Haki Nayo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa waja wake kazi na akawapa mapumziko. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na ahali zake na sahaba zake.

Amma baada. Huulizwa: Muislamu akiisha kazi yake, je, saa iliyobaki ni mali yake aitumie apendavyo, au ataulizwa kwayo? Swali hili laonekana dogo, lakini nyumba nyingi zimeharibika kwa kulipuuza.

Mfano ulio wazi upo Katonga, mwalo wa wavuvi karibu na mji wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Dagaa wa huko huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, leo taa za betri. Samaki hufuata mwanga, kisha wavu huwazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa hushindwa, na vyombo hukaa mchangani siku kadha wa kadha kila mwezi. Hapo mvuvi hupata faragha, na starehe za mji ni nyingi: kuogelea, mpira mchangani, bao chini ya miembe ya Ujiji, baraza za kahawa, ngoma na harusi, na kutazama jua likichwa nyuma ya milima ya Kongo.

Wako wasemao kuwa mchezo wote ni haramu. Hao wamepita mpaka. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, na Mtume s.a.w. hakuwakataza, bali alimsitiri Bibi Aisha akawatazama. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameihesabu sataranji kuwa makuruhi, wala si haramu, maadamu hamna kamari wala kupitisha wakati wa sala. Basi bao nalo na lipimwe kwa mizani hiyo.

Wako na wengine wasemao: Kazi imekwisha, saa hii ni yangu. Hao nao wamekosa. Mtume s.a.w. ameieleza afya na faragha kuwa neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo. Na hakuna hasara ila penye mali yenye thamani.

Na wajue wote habari ya Salman Alfarisi. Alimzuru Abu Dardai, ambaye Mtume alimuunganisha naye kwa udugu, akamkuta amezama katika saumu na sala za usiku, hata mkewe ameacha kujipamba. Salman akamzuia, akamfahamisha kuwa Mola ana haki, mwili una haki, na ahali wana haki. Kila mmoja apewe yake. Habari ilipomfikia Mtume, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuachwa ile haki ya mke, bao litaachwaje?

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Mbalamwezi huwapumzisha wavuvi, lakini haimpumzishi mwanamke. Maji yatatekwa, moto utawashwa, mtoto ataogeshwa, na dagaa waliokauka watauzwa sokoni. Mume akikaa barazani tangu alasiri hata usiku wa manane, akitumia fedha aliyoichuma katika usiku wa giza, mapumziko yake yamelipwa kwa mgongo wa mwingine. Mchezo wenyewe huenda ukawa halali, na saa iliyochezewa ikawa ya kudhulumu.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Hiyo ilikuwa faragha ya miezi mitatu, isiyoombwa na mvuvi. Katika faragha ya namna hiyo, mwenye akiba hupumzika, na aliyekwisha kuimaliza akiba yake katika nyusiku za mbalamwezi hana ila dhiki. Tena pana funzo jingine: hata ziwa lina haki ya kupumzika; sembuse mke wa mtu?

Basi mwenye akili, kabla ya kwenda starehe, na ajiulize mambo matatu: Je, faradhi imeachwa? Je, fedha hii ni yangu au ni ya chakula cha watoto? Na nani anafanya kazi ili mimi nipumzike? Jawabu zikiwa safi, na aende, acheke na ndugu zake, aogelee na wanawe, wala asione haya. Mapumziko hayo yana thawabu. Jawabu zikiwa chafu, na arudi nyumbani, ashike ndoo.

Wabillahi taufiki.