Mlima Mmoja, Wapandaji Wawili

Tembea uone. Hakuna mwalimu wa Kiswahili ambaye hajapata kuiandika methali hii ubaoni. Tumeifafanua kwa wanafunzi wetu kwamba asiyetoka kwao hajui ya wenzake, na kwamba safari ni shule. Lakini ni mara chache tumeliuliza swali lifuatalo: huyo atembeaye huona nini hasa, na kule kuona kwake kunamdai nini mbele ya wale anaowaona? Swali hili halikutujia darasani. Lilitujia njiani, tukiwa juu ya baiskeli.

Wakati wa likizo tulitoka mjini Kasese, magharibi ya Uganda, walimu watatu, kila mmoja na baiskeli yake, kwa nia ya kufika Bwera karibu na mpaka wa Kongo na kurudi. Hatukuwa na biashara ya kufanya wala barua ya kupeleka. Tulikwenda kutembea tu. Barabara iendayo kusini ina milima ya Ruwenzori upande wa kulia, ambayo kilele chake kikuu, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Na upande wa kushoto iko tambarare ishukayo polepole hadi Ziwa George. Si mbali na Kasese upo mji mdogo wa Muhokya, unaojulikana kwa chokaa yake. Ukizidi kusini hufika Kikorongo, karibu na mahali ambapo Ikweta huikata barabara, na hapo ndipo njia ya Bwera ichepukapo kuelekea magharibi.

Tulipofika Muhokya tuliiacha lami tukashika njia ya vumbi ipandayo vilimani, kwa kuwa tulitamani kulitazama ziwa kutoka juu. Katikati ya mwinuko tulimkuta mzee mmoja akisukuma baiskeli. Kwenye keria palikuwa na gunia la unga, na juu yake kifurushi cha chumvi na samaki wakavu, vyote vimefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Mkono mmoja ulishika usukani, wa pili ulilisukuma gunia, na mwili ulikuwa umeinama hata paji la uso likakaribia mzigo. Tulimwamkia, akaitikia kwa Kiswahili kizuri, ambacho alitueleza baadaye kuwa alikipata kwa babaye, aliyewahi kufanya kazi katika machimbo ya shaba ya Kilembe. Nasi tukamjulisha kuwa tu walimu, tumetoka kutembea.

Mwenzetu mmoja akatoa simu ili ampige picha, maana nyuma ya mzee ziwa lilikuwa liking'aa. Mzee akainua kiganja.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Usinichukue nikiwa nimeinama. Ngojeni nifike juu, niutue mzigo, nifute jasho. Hapo ndipo nitakapokuwa mimi."

Tuliziegemeza baiskeli zetu kando ya njia, tukamsaidia kusukuma mpaka juu. Alipokwisha kuketi na kupumua, alianza kutuonyesha nchi. Akatuonyesha Kahendero, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Akatuonyesha mahali ndovu wapitapo usiku watokapo hifadhini kuingia mashambani, na vibanda ambamo watu hukesha kulinda mihogo na mahindi yao. Kisha akaelekeza mkono kaskazini, uliko Mto Nyamwamba, akatukumbusha jinsi ulivyofurika mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, ukazoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Baadhi ya watu waliopoteza makazi katika mafuriko ya 2020, alisema, waliletwa kambini papa hapa Muhokya. Tuliposikia hayo tulitazamana. Jana yake tu tulikuwa tumesimama ukingoni mwa mto huo huo, tukiyasifu maji yake yarukayo juu ya mawe.

Hapo tuliligundua kosa letu la kwanza. Tulipomwona mzee ameinama, tulidhani kimoyomoyo kwamba uzuri wa mahali pale ulikuwa wetu sisi wenye nafasi ya kuutazama, na kwamba yeye hakuwa na macho ila kwa mzigo wake. Kumbe aliijua nchi ile kama msomaji aliyekisoma kitabu mara nyingi, nasi tulikuwa tumetazama jalada tu.

Jioni ile tulijadiliana. Mmoja wetu alishikilia kwamba matembezi ya kujifurahisha ni jambo la aibu mahali ambapo mtu mwingine huisukuma baiskeli ya namna ile ile kwa ajili ya chumvi. Wa pili alijibu kwamba jasho ni jasho. Sisi nasi tulitokwa na jasho, na mlima haumpendelei mtu. Tumezipima hoja hizi mbili kwa muda mrefu, na twaona kwamba kila moja ina upungufu wake.

Tuanze na hoja ya jasho. Ni kweli kwamba mlima ni mmoja, na mapigo ya moyo ya mpandaji hayamwulizi kazi yake. Lakini sisi tulikuwa na ruhusa ya kugeuza. Lau tungechoka, tungeshuka tukanywe chai Muhokya, na hakuna ambaye angelala njaa kwa sababu hiyo. Mzee yule kama angegeuza, nyumba yake ingekosa unga. Basi kinachotofautisha matembezi na taabu si wingi wa jasho. Ni uwezo wa mtu kusema, "Leo siendi." Lugha yetu imelijua jambo hili zamani, maana haisemi kwamba mchukuzi anatembea, husema anakwenda, tena anakwenda kwa haja.

Ama hoja ya aibu, hiyo ina huruma ndani yake, lakini haimfikishi mtu popote. Lau tungebaki nyumbani tumenuna, mzigo wa mzee usingepungua hata kibaba kimoja. Hapa yafaa tuwatazame Wafaransa, ambao wameipa baiskeli heshima kubwa. Mashindano yao ya Tour de France yalianza mwaka 1903, na mwaka 1910 waendeshaji walipelekwa kwa mara ya kwanza katika miinuko mikubwa ya milima ya Pyrenees. Lakini hao walikuwa washindani. Mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na nafasi ya kwenda kuitazama milima ya nchi yake, kwa kuwa siku zake zote zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa, sheria iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Wengi wakapanda baiskeli, wengine wawili wawili juu ya baiskeli moja, wakaenda kuona bahari na milima. Walichokidai watu wale ni siku, nao walipoipata waliigeuza kuwa furaha wenyewe. Kwa hiyo dawa ya furaha isiyowafikia wote si kuizima, bali ni kuieneza.

Kwetu Afrika Mashariki baiskeli imepita njia nyingine. Huko Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walianza kuwabeba abiria kwenye keria tangu miaka ya 1960, na jina la boda boda, lililozaliwa mpakani hapo, likaenea hata likarithiwa na pikipiki. Ng'ambo ya Bwera, katika Kongo ya mashariki, watu huchonga chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, wakasafirishia viazi, makaa na mbao. Mjini Goma chombo hicho kimesimamishiwa sanamu. Kwetu magurudumu mawili yametumikia tumbo kwanza. Hatusemi hivyo kwa kulalamika. Twasema ili mtu apitaye kwa furaha ajue kwamba barabara aliyoikuta ina wenyewe, nao walitangulia.

Tena uzuri wenyewe una historia. Msafiri wa baiskeli katika milima ya Ufaransa hukutana na vijiji vya mawe vilivyojengwa katika karne za kati, vimejibanza juu ya vilima, vimezungukwa na kuta. Huvitazama akastaajabu. Lakini vingi katika vijiji hivyo vilipandishwa juu kwa hofu ya vita na wanyang'anyi, na kila jiwe lilipanda kwa mgongo wa mtu au wa mnyama. Vivyo hivyo, tambarare tuliyoisifu kutoka vilima vya Muhokya ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1952, na mwaka 1954 ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Wanyama walipata makao, na nchi ikapata sifa na fedha za wageni. Lakini wachungaji na wakulima waliiona mipaka ikifika milangoni mwao. Mandhari ni kama shairi: aliyelisikia likiimbwa hufurahi, ila ajuaye lilitungwa kwa msiba gani hulisikia kwa namna nyingine, na furaha yake haipungui, bali hukomaa.

Sisi walimu wa lugha tunayo hoja moja zaidi. Neno kutalii, ambalo siku hizi latukumbusha magari ya wageni na kamera, lina asili ya Kiarabu, nalo latokana na shina lenye maana ya kusoma na kuchungua kwa makini. Shina hilo hilo ndilo lililotupa neno mtalaa, tulitumialo shuleni kila siku. Basi mtalii, kwa asili ya jina lake, ni mwanafunzi. Na mwanafunzi ana adabu zake: huuliza kabla ya kusema, hamkatizi mwenye kujua, wala haondoki na kitabu cha watu kwa sababu kimempendeza.

Kutokana na hayo twaona kwamba atembeaye kwa furaha ana madeni matatu. La kwanza ni kutoigeuza taabu ya mtu kuwa pambo la macho yake. Ndilo alilotufundisha mzee alipoinua kiganja. La pili ni kuuliza jina na habari za anachokiona, hata habari hizo zikimwondolea raha ya asubuhi. La tatu ni kutaka wengine nao waipate siku yao, na kuwa upande wa wanaoidai, awe ni mchukuzi, mchimba chokaa au mwalimu wa shule ya kijijini. Asiyeyakubali madeni haya amepita, hakutembea.

Picha tuliipiga hatimaye. Mzee amesimama wima, mkono juu ya tandiko la baiskeli yake, uso umefutwa jasho, na ziwa liko nyuma yake. Mzigo hauonekani, maana aliuweka chini, upande wetu. Alituuliza kama atapata nakala, tukamwahidi. Tumekwisha kuichapisha, na likizo ijayo tutaupanda tena mwinuko ule kumpelekea. Safari hiyo nayo itakuwa ya baiskeli, lakini mara hii hatutakuwa na ruhusa ya kugeuza.