Nafaka na Moto

Mali ya serikali si mali ya wakubwa. Ni amana ya watu wote iliyowekwa mikononi mwao. Basi inapotolewa ili kumsaidia mkulima, yatupasa kuuliza: faida itamfikia nani, na hasara itamwangukia nani? Neno hili na tulitazame katika nchi ya Marekani, maana huko limejaribiwa kwa fedha nyingi.

Mwaka 2002 sheria ya kilimo ya Marekani ilipata kwa mara ya kwanza sehemu yake ya mambo ya umeme na moto. Tangu hapo serikali humsaidia mkulima atakaye kusimamisha kinu cha upepo, au kuweka vioo vya kupokea jua, au kujenga shimo la samadi litoalo gesi. Kwa miaka mingi msaada haukupita robo ya gharama. Mwaka 2022 sheria nyingine iliruhusu ufike nusu. Hapa hatuoni la kulaumu. Upepo haupunguki kwa kutumiwa, wala hakuna mtoto alalaye na njaa kwa kuwa samadi imetoa gesi. Tena samadi hiyo ikiisha kutoa gesi, bado yafaa kurutubisha shamba.

Lakini iko njia ya pili. Sheria za mwaka 2005 na 2007 ziliwalazimisha wenye viwanda vya petroli kuchanganya spiriti katika mafuta ya motokaa, na spiriti ya nchi ile hutokana hasa na mahindi. Hata mwisho wa mwaka 2011 hazina ilisamehe senti 45 za kodi kwa kila galoni ya spiriti iliyochanganywa. Siku hizi zaidi ya thuluthi moja ya mahindi ya Marekani huingia katika viwanda hivyo.

Huenda mtu atasema: "Machicha yake hurudi kulisha ng'ombe, na mkulima amepata soko." Ni kweli, wala hatumdharau mkulima huyo, maana naye ana watoto. Walakini shamba ni lile lile moja, na bei ya soko haijui mpaka wa nchi. Januari 2007 watu wengi waliandamana katika mji wa Mexico kwa sababu chapati za mahindi zilikuwa ghali. Sababu zilikuwa nyingi, nayo spiriti ilitajwa kuwa mojawapo. Maskini wale hawakuwa na mjumbe katika baraza la Marekani.

Watunga sheria wenyewe waliiona hatari. Mwaka 2007 waliiwekea spiriti ya mahindi kikomo cha galoni bilioni 15, wakatumaini kupata galoni bilioni 16 kwa mabua, majani na miti ifikapo mwaka 2022. Tumaini hilo halikutimia, kwa kuwa kazi ilikuwa ngumu na ya gharama. Hesabu ikapunguzwa mwaka kwa mwaka, na mahindi yakazidi kwenda kiwandani.

Basi twaonaje? Kutafuta moto si kosa, kwani kila nyumba yauhitaji. Lakini mpishi mwenye akili huanza na kuni, wala hachomi unga ili achemshe maji. Amana ya watu wote na itumike kwanza kwa upepo, jua, samadi na masazo ya shamba. Na mtawala atakaye kuigusa nafaka, na amkumbuke kwanza mlaji aliye mbali, asiyeweza kuja barazani kumshitaki.