Kilelengwani na Ukweli Unaouma Kwetu

Kila inapotajwa Kilelengwani, hakosi mtu wa kusema yaliyopita si ndwele. Husema kwa nia njema. Mara nyingi, huwa hakufiwa.

Alfajiri ya Septemba 10, 2012, mamia ya watu wenye silaha walikivamia kijiji hicho cha Waorma katika delta ya Tana. Msalaba Mwekundu ulihesabu maiti 38: watoto 8, wanawake 5, wanaume 16, na polisi 9 waliokuwa wamepelekwa pale kulinda wanakijiji. Rais Mwai Kibaki akatangaza kafyu. Agosti 22, zaidi ya watu 50 walikuwa wameuawa Riketa, kijiji kingine cha Waorma, wengi wao wanawake na watoto. Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo, nacho kilishambuliwa siku chache kabla ya Kilelengwani.

Chanzo cha ugomvi kinajulikana hadi kwa watoto. Mpokomo hulima ukingoni mwa mto. Mworma hupitisha ng'ombe kwenye malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, wakanywe maji. Malka ikilimwa, ng'ombe huingia shambani. Lakini ugomvi wa mahindi yaliyoliwa hauchomi kijiji kizima. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa ukikaribia, na waliokufa mwaka 2001 kwa ugomvi huu huu, zaidi ya watu 100, walikuwa wamezikwa bila kusemewa.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Mashahidi walisimama wakasema, huku wakijua kwamba jioni watarudi kulala jirani na wale waliowataja. Hao ndio wanaostahili heshima, hasa aliyethubutu kuwataja wa kwao. Kuhesabu maiti wa upande wako hakuhitaji ujasiri.

Tana imewahi kuuona ujasiri wa kuwataja wa kwenu ukifanya kazi. Machi 3, 1959, huko Hola, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa. Wakoloni wakatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti uliwaumbua. Barbara Castle wa upinzani aliing'ang'ania kesi hiyo bungeni London, lakini usiku wa Julai 27 aliyesimama kuikemea serikali alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe. Leo Hola kuna shule ya sekondari yenye jina la Mau Mau.

Atakayesema kuyataja majina kutaamsha kisasi ajiulize: baada ya 2001 watu walinyamaza. Je, kisasi kililala?

Wazee wa mabaraza ya jadi, Gasa ya Wapokomo na Matadeda ya Waorma, wameketi pamoja mara nyingi kupatanisha watu. Waketi tena, na safari hii orodha ya waliouawa iwe moja: Waorma, Wapokomo na polisi. Wa Kilelengwani wasomwe na mzee wa Kipokomo, wa Chamwanamuma wasomwe na mzee wa Kiorma, mbele ya vijana wa pande zote mbili, kabla ya mwanasiasa yeyote kupewa kipaza sauti.